Mapezi Mafupi na Mashine ya Lweba

Jumatatu, 3 mwezi wa sita

Nimetoa ziwani nanga mbili na wavu mmoja kabla ya saa nne asubuhi. Nanga ya pili ilinasa chini ya gogo. Wengine wangekata kamba wakaenda zao. Mimi nimeileta juu. Hapa Baraka hakuna anayepiga mbizi kama mimi. Siandiki hivyo kwa kujisifu, naandika kwa sababu ni kweli, na daftari halibishi.

Habari mbaya: pezi la kulia limepasuka. Ni yale mapezi yangu ya zamani. Miaka minane nilikamata samaki wadogo wa rangi, wa kupelekwa ng'ambo wakakae ndani ya vioo. Kazi ikaisha, tajiri akaenda kwao, nikabaki na miwani ya maji, mdomo wa kupumulia, chupa tatu za hewa na mapezi hayo. Leo mpira umechanika kuanzia kidole gumba hadi katikati ya unyayo. Nimeushona kwa uzi wa wavu. Umechanika tena kando ya mshono. Nimetukana peke yangu ufukweni.

Hii si wiki ya kukosa mapezi. Mashine ya kusagia ya akina mama wa Lweba iko chini ya ziwa tangu Alhamisi iliyopita. Injini na kinu, vyote kwenye fremu moja ya chuma. Waliichangia kwa misimu mitatu ya muhogo ili waache kutembea hadi Baraka na mizigo mgongoni. Ilipakiwa hapa, kwenye boti ya Alimasi. Imebaki kidogo kufika, boti ikayumba, mashine ikateleza. Chubwi. Imekwenda.

Mwenyekiti wa akina mama hao ni mama mkwe wangu. Nimesema nitaitoa. Nimesema mbele ya watu.

Chupa zangu tatu zimejaa. Zikiisha, kuzijaza ni kuvuka hadi Bujumbura na kungoja zirudi, mwezi mzima. Kwa hiyo nina nafasi tatu.

Kila mtu anamlaumu Alimasi. Akina mama hawapandi tena boti yake.

Jambo moja sijalisema kwa mtu. Mzigo ule niliufunga mimi. Nilipanda bure kwenda kuwasalimia wakwe, nikafunga kamba kwa kujipendekeza. Mama mkwe aliuliza kama fundo ni zima. Nikamjibu kupitia kwa mke wangu kwamba nimefunga mwenyewe, basi. Nilifunga fundo letu la ziwani, lile la kuvuta mara moja, ili upepo ukichafuka mzigo utupwe haraka kabla boti haijazama. Kila mtu hapa anafunga magunia hivyo. Mashine si gunia. Boti ilipoyumba, mama mmoja alidaka ncha ya kamba asianguke. Fundo likafanya kazi yake. Nililiona likifunguka. Nikanyamaza.

Bado nimenyamaza. Naona haya.

Jumanne, 4 mwezi wa sita

Sokoni. Papa Sefu anauza vitu vilivyotumika: viatu, mikoba, taa, kila kinachovuka kutoka Bujumbura. Nikamwambia nataka mapezi. Akacheka mpaka akakohoa.

"Viatu ya bata? Niko nayo pea tatu. Hakuna mutu anauliza."

Alikuwa anayatumia kukandamizia turubai lisipeperuke.

Pea ya kwanza: marefu, ya bluu, kila pezi karibu urefu wa mkono wangu mzima. Mguu unaingia wote, na kisigino, kama kiatu. Mazuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuvaa. Pea ya pili: laini, ubapa umepasuliwa katikati kama mkia wa samaki. Pea ya tatu: mafupi, meusi, mapana, mazito kama chuma. Kisigino wazi, kinashikwa na mkanda. La kushoto halina mkanda. Sura mbaya sana. Ungedhani ni miiko ya kusongea ugali wa harusi.

Nimechagua kwa dakika mbili. Marefu. Pezi refu linasukuma maji mengi, na miguu ya kulisukuma ninayo. Ni namba 41, mimi navaa 42. Haikunisumbua. Nilicheza winga ya kushoto miaka sita, na kila mchezaji wa hapa anajua kwamba kiatu cha mpira kinanunuliwa kikibana. Wiki mbili kinalegea, kinakuwa chako. Kikikukaa vizuri siku ya kwanza, mwezi ujao mguu unaogelea ndani.

Nimempa redio yangu, nimechukua mapezi.

Nyumbani nimeyavaa sebuleni. Riziki, mke wangu, amenitazama nikivuta kisigino kwa kijiko.

"Weye, unaenda kupiga mbizi ao kucheza mupira?"

Nimeendelea kuvuta. Riziki ana akili nyingi lakini mapezi hayajui.

Najisikia vizuri. Kesho naitoa.

Jumatano, 5 mwezi wa sita

Sikuitoa.

Niandike kwa utaratibu. Tumefika Lweba saa tatu, mimi na Alimasi na mtumbwi. Alimasi alijitolea mwenyewe kunishikia kamba ya usalama. Alisema: "Nataka ile mashini itoke, bantu baache kunitukana." Ncha moja kiunoni kwangu, ncha nyingine mkononi mwake. Njia nzima sikuweza kumtazama usoni.

Akina mama wamejaa ufukweni. Mama mkwe amekuja pia, kwa sababu yeye ni mwenyekiti. Sasa, bukwe kwetu ni bukwe. Mama mkwe hamwangalii mkwe wake akiwa mwili wazi. Hali naye, hamgusi, njiani kila mmoja anapita upande wake. Na mimi napiga mbizi na kaptula. Basi yeye amegeuza beseni, amekaa juu yake, mgongo ziwani. Kila kitu anauliza.

"Sasa anafanya nini?"

"Anavaa viatu ya bata, mama."

"Ya nini?"

"Tunajua basi?"

Nimeshuka. Pima kumi na moja za kamba, nimezipima mwenyewe. Kwenye pima ya tano vidole vya miguu vilianza kufa ganzi. Nikasema moyoni, vitazoea. Chini ni matope laini, si mchanga. Teke moja tu la mapezi yale marefu na matope yote yametimka. Nimegeuka kutafuta pasipo na giza, ubapa ukabaki nyuma, ukachota matope mengine. Sikuuona hata mkono wangu. Nimepapasa kama mtu aliyepoteza ufunguo kwenye unga. Ndipo kigimbi cha kushoto kikakaza. Halafu unyayo wa kulia. Msuli ukajikunja kama umeshikwa na koleo. Hewa nikawa naimeza kwa haraka, nikijua kabisa naimaliza.

Nimevuta kamba mara tatu. Nimepanda polepole kama nilivyofundishwa, nimesimama mita tano chini ya uso wa maji, nimehesabu, huku nalia kwa maumivu na kwa hasira. Machozi ndani ya miwani ya maji hayana pa kwenda.

Chupa moja imekwisha. Mashine sikuiona hata bolti.

"Ameiona?" mama mkwe aliuliza.

"Hapana, mama."

Amechukua beseni lake, ameondoka.

Baadaye ujumbe umenifikia kupitia kwa Riziki. Jumamosi wanakuja wanaume wenye ndoana za nanga kuikokota. Najua kazi yao. Ndoana ikishika bomba la mafuta au gurudumu la injini, watatoa vyuma chakavu. Akina mama wanajua pia, lakini wamechoka kusubiri mtu mwenye maneno. Nina hadi Jumamosi asubuhi.

Alhamisi, 6 mwezi wa sita

Kucha mbili nyeusi. Nimekosea. Naandika mara moja na sirudii.

Ngozi ya kiatu cha mpira inalegea. Mpira wa pezi haulegei. Ukiingia kwenye maji ya baridi ndiyo kwanza unakaza. Mchezaji anakimbia juu ya nyasi, anapata joto, mguu na kiatu vinapatana. Mimi nimeupeleka mguu wangu chini ya pima kumi na moja ndani ya kitu kinachouminya kila dakika. Riziki aliuliza swali zuri na mimi nikajifanya sikulisikia.

Na urefu. Marefu ni ya mtu anayetaka kwenda mbele moja kwa moja kwenye maji mengi. Mimi natafuta kitu kwenye matope, nageuka, nasimama, nainama. Nilipokuwa nakamata samaki wa rangi, msimamizi wetu alikuwa akitupigia kelele: kunja magoti, sukuma maji nyuma, usiyapige chini! Kama chura. Miaka minane nilifanya hivyo. Nikaona pezi zuri la bluu, nikasahau yote. Kichwa kikubwa.

Nimerudi kwa Papa Sefu na adabu. Nimeomba kuzijaribu pea mbili zilizobaki kabla ya kusema neno. Amekubali kwa sharti kwamba anakuja kutazama.

Jaribio langu nimelibuni mwenyewe na najivunia. Ufukweni kuna nguzo mbili za kufungia boti, ziko mbali kidogo. Nimekumbatia jiwe kubwa, nimezama hadi kifua kikagusa chini, nimekwenda kutoka nguzo hadi nguzo nikihesabu mateke. Jiwe ndiyo kamba nzito, ndiyo kazi yenyewe. Kujaribu mapezi mikono mitupu ni kujidanganya.

Yale ya mkia wa samaki: laini, mguu unafurahi. Bila jiwe yanakwenda vizuri. Na jiwe nimepiga mateke mpaka nikachoka, bado nilikuwa karibu na nguzo ya kwanza. Kama kukanyaga uji.

Mafupi meusi: makubwa, kwa hiyo nimeyavaa juu ya raba zangu za turubai. Mguu ukakaa. Haukubanwa, haukucheza. Nimekunja magoti, nimesukuma nyuma, nimekwenda na jiwe langu bila haraka. Mateke machache kuliko nilivyotegemea. Nimegeuka palepale nilipo. Nimejaribu kurudi kinyumenyume na nimerudi! Nimetazama chini: mchanga umetulia, haujasogea.

Nimetoka kichwa majini nikapiga kelele kama nimefunga bao. Papa Sefu alikuwa ameketi juu ya mtumbwi wa watu, anakula karanga.

Yale ya bluu amekataa kuyachukua. "Kitu ikisha kutoka kwa soko, imetoka." Akanyoosha kidole kwenye baiskeli yangu, paliponing'inia viatu vyangu vya mpira. "Ile njo nataka." Nimevifungua kutoka kwenye usukani, nimempa. Iliniuma. Bao langu dhidi ya timu ya Uvira lilifungwa na kiatu cha kushoto. Lakini ndiyo hivyo, viatu vya mpira ndivyo vilivyonidanganya, acha vilipe.

Mkanda wa kisigino cha kushoto nimeukata kutoka mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki. Nimeufunga pande zote mbili, nimeuvuta, umekaa. Yale ya bluu nitayabeba kama akiba.

Kesho.

Ijumaa, 7 mwezi wa sita

Nimeiona. Nimeigusa!

Mapezi meusi ni mapezi ya mtu mwenye akili. Nimeshuka kimya, nimesimama juu ya matope kwa urefu wa mkono mmoja, sijayagusa. Magoti yamekunjwa, sukuma, subiri, sukuma. Hewa ilikuwa inatoka kidogo kidogo. Nimezunguka duara la kwanza, nimepanua, na kwenye la pili ikatokea. Imesimama wima kwenye fremu yake, imezama matope kidogo tu. Haina mkunjo. Kaa mmoja alikuwa amekaa juu ya tangi la mafuta kama mwenye mali.

Nimecheka ndani ya mdomo wa kupumulia. Ni kitu hatari, lakini nimecheka.

Kwanza nimefunga kamba nyembamba yenye bidoni tupu, dumu la plastiki, bidoni likapanda juu kuonyesha mahali. Halafu nikaivuta kamba nene, ile ya kukokotea kutoka ufukweni. Ni nzito. Nimepiga teke moja la nguvu, na kisigino cha kushoto kikapwaya. Mkanda umefunguka. Pezi limeanguka.

Nimelidaka. Lakini nimepiga magoti kwenye matope, giza likanifunika, kamba nene ikanitoka mkononi. Nilipopata utulivu, mshale wa kipimo cha hewa ulikuwa mahali pa kuondoka. Nimepanda na pezi kwapani kama mtu anayerudi sokoni na kuku.

Mbaya zaidi ikafuata. Kwenye mtumbwi Alimasi alilichukua lile pezi, akatazama mkanda. Akatazama muda mrefu. Upande mmoja ulikuwa bado umefungwa: fundo la kuvuta mara moja. Mkono wangu ulikuwa umelifunga wenyewe jana, sikufikiri hata kidogo. Ndivyo mkono wangu unavyofunga.

Alimasi anafunga kamba tangu ajue kutembea. Hakuuliza, alisema.

"Njo weye ulifunga mashini."

"Ndiyo."

Amepiga kasia hadi ufukweni. Amenishusha, ameondoka. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Imebaki chupa moja. Na bidoni langu linaelea pale, linawaonyesha wenye ndoana mahali kamili pa kutupa ndoana zao. Hilo nalo nimelifanya mimi.

Jumamosi, 8 mwezi wa sita

Nitaandika yote, hata kama nimechoka.

Wenye ndoana walifika mapema, boti mbili, tayari wananoa macho kwenye bidoni. Akina mama walijaa. Mama mkwe juu ya beseni lake, mgongo ziwani. Nilidhani nitashuka peke yangu bila mtu wa kunishikia kamba. Lakini Alimasi alikuwa amesimama kando ya mtumbwi wake, kamba imekunjwa mkononi, hanitazami. Amekuja. Sikutegemea.

Nilipomwona pale, maneno yalinitoka kabla sijayapanga. Nilisimama nyuma ya mama mkwe, hatua tano, nikausemesha ule mgongo. Kwa kawaida nazungumza naye kupitia kwa Riziki. Leo sikupitia kwa mtu.

Nilisema Alimasi hana kosa. Nilisema mzigo niliufunga mimi, kwa fundo la magunia, na niliona likifunguka na nikanyamaza. Nilisema na jana mkanda wa pezi umefunguka kwa fundo lilelile. Nilisema nina chupa moja, na wakiniruhusu nishuke kabla ya ndoana, nitaileta nzima.

Mtoto wa mtu alilia, akanyamazishwa.

"Weye njo ulifunga," mgongo ukasema.

"Ndiyo, mama."

"Na siku zote hizi unaacha bantu banamutukana Alimasi."

"Ndiyo, mama."

Halafu akainuka, akageuka. Aligeuka mzima mzima, akanitazama mimi, mkwe wake, na kaptula yangu na magoti yangu. Mama mmoja akajifunika uso kwa kitenge. Riziki akashika kichwa.

"Leta muguu."

Sikuelewa. Akapiga magoti mwenyewe kwenye mchanga.

"Leta muguu, minasema."

Nimeleta mguu, pezi likiwa limevaliwa. Amelifungua fundo langu kwa kidole kimoja, akaguna. Amelifunga lake: lile wanalofungia mizigo ya muhogo mgongoni, wanalotoka nalo shambani hadi nyumbani na kuteremka nalo mlima bila kugusa. Mzunguko mara mbili, ncha imerudi chini, imebanwa. Amefunga upande wa pili. Amevuta kwa nguvu zake zote mpaka nikayumba, akina mama wakacheka kwa mara ya kwanza wiki nzima. Halafu ameshika ncha ya kamba nene, amenionyesha taratibu, mara tatu, akanipa nifanye mbele yake. Ya kwanza nilikosea. Ya pili nilipata.

"Kule chini ufunge hivi. Hapana ile yako."

Akarudi kwenye beseni. Akatupa mgongo. Bukwe ikaendelea kama haijakatika.

Wenye ndoana waliambiwa wakae. Walikaa.

Nimeshuka kwa kufuata kamba ya bidoni. Sikuwa na wasiwasi tena, sijui kwa nini. Labda kwa sababu sikuwa nimebeba kitu kingine tofauti na kamba. Magoti yamekunjwa. Sukuma, subiri. Mguu wa kushoto haukusogea ndani ya pezi hata kidogo. Matope yametulia. Kaa yuleyule yupo, nimemfukuza. Kamba nene nimeipitisha chini ya fremu, pande mbili, nimefunga fundo la akina mama, nimelivuta kwa miguu yote miwili dhidi ya chuma. Halikucheka na mtu. Nimetoa ishara.

Kisha nimeona kamba ikinyooka. Mashine imetetemeka, imeachana na matope, imeanza kwenda. Yenyewe, taratibu, kuelekea kwa watu wake. Matope yakapanda, nikaondoka kabla hayajanifikia.

Kwenye kusimama kwangu mita tano chini, nilikuwa nashikilia kamba ya Alimasi. Imekazwa sawasawa. Haikulegea hata mara moja.

Nilipotoa kichwa, wamekwisha kujipanga mstari kama wanaokokota wavu wa ufukweni: kamba begani, miguu mchangani, wanaimba. Katikati yao mama mkwe anavuta. Kamba begani, uso mlimani, mgongo ziwani. Hakuna aliyeweza kusema kwamba amemwangalia mkwe wake.

Mashine imetoka majini saa tano na nusu. Fremu, kinu, injini. Tangi limebonyea kidogo. Vigelegele mpaka wenye ndoana nao wakashuka kusaidia kuinua.

Alimasi ndiye aliyenipandisha mtumbwini. Amenishika mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Kesho utasema tena kanisani. Si wote bamekuwa hapa."

Nimesema sawa.

Jumapili, 9 mwezi wa sita

Nimesema, wakati wa matangazo. Nimesimama, nimesema, nimekaa. Masikio yaliwaka moto hadi sala ya mwisho. Alimasi alikuwa benchi la mbele, ameangalia mbele. Nje, mama mmoja amemuuliza boti yake inaondoka saa ngapi kesho.

Fundi ametoka Misisi, yule anayetengeneza mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Amefika amejaa vumbi. Amefungua kila kitu, ametoa maji, amemwaga mafuta ya zamani. Anasema ziwa letu halina chumvi na injini ina bahati. Miguu inaniuma. Nimelala mchana kutwa.

Alhamisi, 20 mwezi wa sita

Lweba, asubuhi, kazi ya nyavu. Mashine nimeisikia kabla sijashuka kwenye boti ya Alimasi. Boti ilijaa.

Nimechungulia kwenye banda la kusagia. Vumbi jeupe kila mahali, foleni ya mabeseni. Mama anayelisha kinu ana pezi langu refu la bluu mkononi. Nilikuwa nimeyasahau ufukweni ile Jumamosi. Anasukumia vipande vya muhogo ndani ya mdomo wa mashine kwa ule ubapa, na vidole vyake vinabaki mbali. Anasema hakuna kitu kizuri kama hicho. Kuna mama mwingine anatumia la pili kukusanya unga sakafuni. Ameniuliza kama nayataka. Nimesema hapana.

Njiani nimekutana na mama mkwe. Amevuta kitenge juu ya kichwa, amepita upande wake. Mimi nimeinamisha uso, nimepita wangu.

Jioni nimekuta kwa Riziki beseni la unga, limefunikwa vizuri, limetumwa bila maneno.

Mapezi meusi nimeyasuuza, nimeyatundika. Mkanda wa kushoto bado una mafundo yake mawili. Nikiyavua navuta kisigino tu, siyafungui. Kesho nina nanga moja bandarini.